Mheshimiwa Ramgoolam, ile ripoti ya 2011 imeishia wapi kwenye ardhi?

Shikamoo Mheshimiwa Waziri Mkuu Dkt. Navin Ramgoolam,

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa, nilikuja Morisi kusoma nikapata kazi nikabaki, na kodi nalipa kama wengine. Sina uraia wala kura, ila hili linanigusa kwa undani maana mwaka 1776 Sultani wa Kilwa aliwekeana mkataba na Mfaransa mmoja akiitwa Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, na kisiwa walichokuwa wanapelekwa ndicho hiki unachokiongoza leo. Kwa hiyo nikikaa na mzee wa Kikreoli, uzao wa watumwa hao, kule Le Morne akaniambia wazee wake walikuwa "Mozambik", ndivyo wanavyowaita wote waliotoka pwani ya kwetu, siwezi kujifanya hayanihusu. Kilwa tuna fungu letu kwenye dhambi hii na sioni sababu ya kulificha. Na barua hii nimeiandika kwa Kiswahili makusudi, ili na watu wa nyumbani waisome wajue ndugu zetu wa upande huu wako kwenye hali gani.

Sasa niende kwenye lenyewe. Mheshimiwa, ni serikali yako iliyopitisha sheria ya Tume ya Ukweli na Haki ya kuchunguza utumwa na athari zake mwaka 2008, akaletwa Alex Boraine kutoka Afrika Kusini akaiongoza, tume ikazunguka kusikiliza watu, ripoti ikatoka Novemba 2011 na wewe ndiye ulikuwa Waziri Mkuu. Kuna mazuri yamefanyika tangu hapo na nayaheshimu. Kikreoli kimeingia shule za msingi 2012, makumbusho ya utumwa yamefunguliwa Port Louis 2023 kwenye lile jengo la zamani la hospitali ya jeshi. Ila kwenye ripoti ile kuna sehemu nzima ya ardhi, madai zaidi ya 300 ya familia zinazosema ardhi ya wazee wao ilichukuliwa, na hapo ndipo mambo yanapokwenda kwa mwendo wa kinyonga mpaka wenye madai wanazeeka wanakufa.

Kuna familia moja kusini magharibi naifahamu, jina nalihifadhi. Bibi wa nyumba hiyo alinitolea hati kutoka kwenye faili la plastiki, kopi ya kopi, mwandiko wa mkono wa Kifaransa cha karne ya 19, vipimo vya zamani vile vya arpent, na mpaka mmoja umeandikwa unaanzia kwenye mkwaju kushuka hadi mtoni. Tulienda kuangalia. Mkwaju haupo, kuna fensi na getini kuna mlinzi, kijana wa Kikreoli naye, akatuomba kwa upole tusisimame pale. Wakili aliwataka hela ya kuanzia, mpima ardhi anataka yake, notari, yaani mwanasheria anayetunza hati, anataka yake ya kutafuta kumbukumbu, na huyo bibi ameishi miaka yote kwa kufua na kupika kwenye nyumba za watu, sasa atazitoa wapi?

Na wewe ni mwanasheria Mheshimiwa, unajua vizuri zaidi yangu ardhi ilivyokuwa inaondoka. Sheria inaruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi miaka 30 aombe iwe yake, analeta mpima na kiapo na mashahidi, tangazo linatoka, asipotokea wa kupinga basi imekwisha. Sasa wa kupinga ni nani, mvuvi asiyesoma gazeti la Kifaransa? Walioweza kuitumia njia hiyo ni wale waliokuwa na mpima na notari karibu nao, na tume yako mwenyewe ilieleza hayo kwa kirefu. Na walioumia si Wakreoli peke yao, zipo na familia za wakulima wadogo wa Kihindu zilizopoteza viwanja kwa mtindo uleule.

Lakini kwa Wakreoli shida ilianza mapema zaidi. Utumwa ulipofutwa 1 Februari 1835 Uingereza ililipa fidia kama pauni milioni 2 hivi, na zote zilikwenda kwa mabwana, waliokuwa watumwa hawakupata hata shilingi wala kipande cha ardhi, wakaambiwa waendelee kuwatumikia mabwana walewale kama wanagenzi mpaka 1839. Walipokuwa huru kweli waliyakimbia mashamba ya miwa wakaenda pwani na milimani, na nani angebaki? Wakati huo vibarua wa mkataba kutoka India walishaanza kushuka Port Louis, nao waliteseka vibaya sana, hakuna wa kuwapunguzia hilo, ila baadaye mashamba makubwa yalipokatwakatwa viwanja baadhi yao waliweza kujinyima na kununua, na kutoka kwenye kile kiwanja mtoto akasoma, mjukuu akawa daktari au mtumishi wa serikali. Huo ndio mtaji ambao Mkreoli hakuwa nao. Mtu akikwambia Wakreoli hawapendi kazi, na nimeyasikia maneno hayo ofisini na kwenye basi tena mara nyingi, amesahau hesabu ilivyoanza.

Halafu kuna hili la katiba. Wagombea wamepangwa Wahindu, Waislamu, Wachina, na wengine wote wakawekwa fungu moja linaitwa watu wa jumla. Yaani mjukuu wa mtumwa na mjukuu wa bwana aliyelipwa fidia wako kapu moja! Na sensa ya mwisho kuuliza mtu ni wa jamii gani ilikuwa 1972, viti vya ziada bungeni vya kusawazisha jamii vinatolewa kwa hesabu hiyohiyo ya 1972 mpaka leo. Mnasema kuhesabu kutaleta mgawanyiko na nakumbuka damu iliyomwagika Port Louis Januari 1968 kabla ya uhuru, siidharau hofu hiyo. Ila bila takwimu, Mkreoli akisema serikalini hatupo, benki hatupo, anaambiwa alete ushahidi, na ushahidi hakuna wa kuukusanya.

Na Mheshimiwa, Februari 1999 mwimbaji wa Kikreoli Kaya alipofia mikononi mwa polisi na vijana wakaingia barabarani, ulikuwa wewe kwenye kiti hicho. Wale vijana walikuwa wanamlilia mwanamuziki, ndiyo, ila nyuma yake kulikuwa na nyumba za mabati za mtaa wa Roche Bois na miaka ya kutoonekana. Uchumi ulikuwa unasifiwa dunia nzima, viwanda vya nguo, sukari, hoteli. Leo sifa zimeongezeka na mgeni mwenye dola 375,000 ananunua vila anapata na ukaazi, sina ubaya na wageni kwani na mimi ni mgeni, lakini baadhi ya hizo pwani ndizo ambazo watu wanazidai na hati mkononi, na ardhi ikishauzwa kwa mtu wa tatu kesi inakuwa ngumu mara kumi.

Ninachoomba ni hiki. Serikali ilipe wakili na mpima kwa kila dai ambalo tume ililipokea, lisiachwe kwenye mfuko wa bibi anayefua nguo. Kumbukumbu za manotari zifunguliwe bure kwa familia zinazodai. Na ardhi yenye dai isipewe kibali cha vila wala hoteli mpaka mahakama iseme. Una viti karibu vyote vya bunge tangu Novemba 2024, 60 kwa 0 kwenye majimbo ya kisiwa kikuu, nani atakuzuia? Tarehe 1 Februari ijayo utakapokwenda Le Morne kuweka mashada ya kuwakumbuka watumwa, nakuomba uwatajie wale wazee fungu lililotengwa kwenye bajeti kwa ajili ya kesi hizo, na tarehe kesi ya kwanza itakapoanza kusikilizwa kwa gharama za serikali.

Wako kwa heshima,
Mtu wa Kilwa, mkaazi wa Morisi