Kijana wa sweta ya kijani ni mwanangu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma mwaka wa 19 huu na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ile habari ya wiki iliyopita, yenye picha ya vijana kwenye foleni ya asubuhi na maneno kwamba serikali inawanywesha mateja "unga wa maji", imenishinda kunyamaza. Yule mwenye sweta ya kijani mliyemziba macho ni mwanangu. Sweta ile nilimnunulia mimi, soko la Kilombero.

Mwandishi wako anasema methadoni, ile dawa ya maji wanayopewa waliokuwa wakitumia unga wa heroini, ni kumtoa mtu kwenye ulevi mmoja na kumtia kwenye mwingine. Mimi nimeishi na vyote viwili ndani ya nyumba moja. Unga ulimkaa saa chache tu, ukiisha arosto inamshika: makamasi, kutapika, kuhara, mifupa inauma mpaka analia kama mtoto. Hapo ndipo yalipoondokea masufuria yangu, jiko la gesi, na mwisho mlango wa choo. Methadoni anakunywa mara moja kwa siku, mbele ya nesi, kisha anasemeshwa ili ijulikane amemeza, na inamshikilia mpaka kesho yake. Walimwanzishia dozi ndogo wakapandisha taratibu, kwa sababu ikizidi mwanzoni inaweza kukata pumzi. Alipougua TB mwaka juzi arosto ilimrudia ingawa hakukosa dozi hata siku moja. Kumbe dawa ya TB iitwayo rifampisini inaifanya methadoni iishe mwilini haraka. Wakampandishia, akatulia. Muuza kete gani anafanya hesabu hiyo? Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na Muhimbili walianza kuitoa 2011. Mwandishi wako amekuwa na miaka yote hiyo ya kuuliza.

Lakini kilichonikalisha niandike ni jambo la nyumbani. Mwaka jana nilifiwa na baba yangu, Marangu, mazishi yakapangwa Jumamosi. Ijumaa mwanangu aliomba pale anaponywea apewe dozi ya kuondoka nayo, au barua ya kunywea kwingine. Akaambiwa mwenye kusaini amesafiri mpaka Jumatatu. Akanywa ya Ijumaa, tukaenda. Usiku ule saa tisa aliniamsha, akaninong'oneza, "Mama, nitarudi kabla babu hajazikwa," akatoka gizani katikati ya migomba. Bodaboda mpaka Himo, gari mpaka Moshi, jingine mpaka Arusha, akanywa, akageuza. Saa saba mchana alitokea, viatu vyeupe kwa vumbi, hata maji hakuomba, akachukua chepe na kuingia kaburini kuwasaidia wenzake kumalizia. Kaka yangu mkubwa akasimama ukingoni, mbele ya waombolezaji wote, akasema kwa sauti: "Mjomba, umeenda kuvuta hata babu yako hajaingia shimoni?" Mwanangu hakujibu. Nilimwangalia mikono kwenye mpini wa chepe. Ilikuwa imetulia, ile mikono ambayo miaka 4 nyuma haikuweza kushika kikombe cha chai kisimwagike. Ndiyo maana wiki iliyopita, kaka huyohuyo alipoupiga picha ukurasa wako na kuutuma kwenye kundi la ukoo, na chini yake akaandika "Si niliwaambia?", nililala na nguo zangu za sokoni.

Na kaka yangu huyo siku ya mazishi alikuwa na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi tangu saa nne asubuhi. Hakuna aliyemuuliza. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku mwaka 2017, sisi akina mama tukashangilia, na leo pombe kali ileile iko kwenye vichupa, hapa Ngarenaro inauzwa watoto wakiwa njiani kwenda shule. Mtu wa methadoni akichanganya na pombe kali au vidonge vya usingizi anaweza kulala asiamke. Manesi wanawaambia hivyo kila mara, na vijana wakitoka getini wanavipita vibanda vya pombe vikiwa vimeshafunguliwa. Foleni ya pale kibandani sijaiona kwenye gazeti lako.

Kwa wahusika wa dawa hizi ombi langu ni dogo: siku ya Ijumaa pawepo mtu wa pili mwenye kusaini barua ya safari, maana misiba yetu mingi huzikwa Jumamosi. Na mwandishi wako aje saa kumi na mbili na nusu asubuhi bila kamera, akae na mimi kwenye benchi Jumatatu mpaka Ijumaa, chai nitakuja nayo kwenye chupa kubwa. Jumamosi aandike alichokiona. Na gazeti limwombe radhi mwanangu kwenye ukurasa uleule. Mwenye nyumba wa Sakina aliyempa kazi ya kupaka rangi vyumba 6 alimpigia juzi, akamwambia asije kwanza. Rangi tulishainunua, makopo yako hapa sebuleni.

Mama muuza mitumba,
Ngarenaro, Arusha