Dirisha Moja Lenye Giza

Copenhagen,
6 Mei

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na watoto, na baba naye miguu imepata nafuu. Mimi sijambo, ila mafua ya upepo wa huku hayajaniacha.

Swali lako nimekaa nalo siku nyingi. Uliniuliza kama ni kweli hawa Wadenmark wenyeji wangu, katika Vita Kuu ya Pili, waliwasalimia amri Wajerumani kabla chai haijachemka. Nilikuwa nikitafuta pa kuanzia kukujibu, na juzi jioni nikapapata. Kila tarehe 4 Mei watu wa hapa huweka mishumaa madirishani. Nilipotoka kazini mtaa mzima ulikuwa unawaka, isipokuwa dirisha la bibi wa ghorofa ya chini. Nikahofu anaumwa, nikabisha hodi. Alikuwa mzima, amekaa gizani kwa hiari yake. Habari yake nitairudia.

Kwanza jibu lako. Ndiyo, somo, ni kweli. Tarehe 9 Aprili 1940, saa 10 na robo alfajiri, Wajerumani walivuka mpaka wa Jutland, upande wa nchi hii uliopakana na Ujerumani, wengine wakashuka bandarini hapa hapa mjini. Ndege zao zilipita juu ya mapaa zikidondosha karatasi zilizoandikwa Kidenmark kibovu. Saa 12 asubuhi serikali ilikuwa imekwisha kukubali. Nchi hii ni tambarare kama kiganja, haina mlima wa kujificha, na Ujerumani ni jirani wa mlango kwa mlango. Mfalme Christian wa Kumi hakukimbia. Kila asubuhi alipanda farasi akapita barabarani bila mlinzi, mpaka Oktoba 1942 alipoanguka akaumia. Ile hadithi uliyoisikia, kwamba alivaa nyota ya njano ya Wayahudi, si kweli. Nyota hiyo Wayahudi wa Denmark hawakuvalishwa kamwe.

Kwa miaka mitatu serikali ilibaki, bunge likabaki, hata uchaguzi ukafanyika Machi 1943, huku siagi na nyama zikipelekwa Ujerumani. Wapo walioona aibu kubwa. Mimi nasema usiwapime kwa asubuhi ile peke yake. Agosti 1943 migomo ilizuka Esbjerg, Odense na miji mingine, Wajerumani wakataka serikali iwahukumu kifo wahujumu. Serikali ikakataa. Tarehe 29 Agosti Wajerumani wakatangaza utawala wa kijeshi, na alfajiri hiyo hiyo wanamaji wa Denmark wakazizamisha meli zao wenyewe zisichukuliwe.

Linalofuata wewe utalielewa kuliko mimi, maana umelelewa na bahari. Mwisho wa Septemba, Georg Ferdinand Duckwitz, Mjerumani wa ubalozi wao aliyeshughulikia mambo ya meli, alifichua siri kwa wanasiasa wa Denmark: Wayahudi wote watakamatwa usiku wa tarehe 1 Oktoba. Asubuhi ya tarehe 29, ndani ya sinagogi, rabi Marcus Melchior aliwaambia waumini wasisubiri sala, waende wakajifiche na wawaambie wenzao. Msako ulipoanza, nyumba nyingi zilikuwa tupu. Watu walifichwa hospitalini, makanisani, kwenye nyumba za mashambani, kwa watu wasiowajua. Kisha wakavushwa usiku kwenda Sweden, ambayo haikuwa vitani.

Mlango wa bahari wa Øresund nimeuona kwa macho yangu. Pale Helsingør ni kama kilomita 4 tu, taa za ng'ambo unazihesabu. Lakini fikiria Oktoba, baridi, giza, doria za Wajerumani majini, na watu wamelazwa ndani ya mashua ya uvuvi, chini kabisa, wamefunikwa. Watoto wachanga walipewa dawa ya usingizi wasilie. Zaidi ya Wayahudi 7,000 walivuka namna hiyo, pamoja na jamaa zao mia kadhaa wasio Wayahudi.

Sitaki nikuchoree malaika. Wapo wavuvi waliotoza nauli kubwa, na palikuwa na wachongezi. Huko Gilleleje, kijiji cha wavuvi kaskazini, watu kama 80 walikamatwa walipojificha kwenye dari ya kanisa. Kwa jumla kama 470 walipelekwa Theresienstadt, kambi ya Wajerumani ya kufungia Wayahudi. Ila kuhusu nauli, siwezi kuwahukumu wote pamoja. Muulize baba: mvuvi akinyang'anywa mashua, nyumbani kwake watakula nini?

Sasa mishumaa. Tarehe 4 Mei 1945, saa 2:35 usiku, watu walikuwa wakisikiliza idhaa ya Kidenmark kutoka London. Msomaji akanyamaza katikati ya habari. Aliporudi akasema Montgomery, jemadari wa Waingereza, ametangaza kwamba majeshi ya Ujerumani yaliyoko Uholanzi, kaskazini-magharibi ya Ujerumani na Denmark yamesalimu amri. Watu wakayang'oa mapazia meusi ya miaka mitano, wakawasha mishumaa madirishani.

Ukombozi wenyewe ulikuwa na damu yake. Njiani kwenda kazini napita Frederiksberg Allé, palipokuwa na shule. Tarehe 21 Machi 1945 ndege za Uingereza zilikuja kulipua makao ya Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, kwa ombi la wapiganaji wa siri wa Denmark wenyewe. Moja ikaanguka karibu na shule, na zilizofuata zikaona moshi zikadhani ndipo penyewe. Watoto 86 walikufa. Yapo maua pale kila mara.

Na bibi wa chini si wa Copenhagen. Ni wa Rønne, kisiwani Bornholm, mbali mashariki katika Bahari ya Baltiki. Mwaka ule alikuwa na miaka minane. Usiku wa mishumaa nao walifurahi, anasema, mama yake alicheza ngoma jikoni. Lakini kamanda wa Wajerumani kisiwani hakutaka kujisalimisha kwa Warusi, aliwangoja Waingereza, na Waingereza hawakuja. Tarehe 7 na 8 Mei ndege za Kisovieti zikaipiga Rønne na Nexø. Copenhagen wanaimba barabarani, wao nyumba zao zinaungua. Warusi walishuka tarehe 9, wakaondoka tarehe 5 Aprili 1946. Sweden ilipeleka nyumba za mbao kwa waliopoteza makao; yeye alikulia katika mojawapo.

Nilimuuliza kama ana chuki na mishumaa ya wenzake. Akasema hana, ila mkono wake haufiki kwenye kiberiti siku hiyo. Nikakaa naye mpaka saa 4 usiku. Hatukuwasha taa.

Kesho ni tarehe 7. Nimekwisha kuumua unga wa mandazi, nitashuka nayo kwake asubuhi kabla sijaenda kazini. Iliki niliyotia ni ile uliyoniletea wewe.

Nisalimie nyumba nzima, na baba umsomee pale pa mashua.

Ni mimi,
somo yako