Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Fupa moja la paja lisitunyime ndugu zetu

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Igombe, Mwanza. Ningeandika mapema zaidi, lakini wazee walinisihi nivute subira, nami nikavuta. Jumanne iliyopita imeniishia.

Alfajiri ya siku hiyo wavuvi wa dagaa walikuta mifupa ya mtu imekwama kwenye majabali. Ilipofika saa kumi jioni, familia mbili zilizopotelewa na vijana wa kiume zilikuwa zimesharudishwa kwenye geti la mochwari kwa maneno matatu: "Ni ya mwanamke." Nilikuwepo getini hapo. Hakuna aliyeniita, nilikwenda kwa sababu maneno hayo nayajua. Niliambiwa mimi miaka mitatu iliyopita.

Mimi na ndugu yangu ni mapacha. Yeye Kulwa, mimi Doto. Mtumbwi wao ulipinduka usiku, wenzake wawili wakaopolewa, yeye hakuonekana. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, ulifika mwaloni siku ya nne. Ulisimama juu ya kreti la soda ili tukuone, ukasema hakuna mwili utakaotoka ziwani ukazikwa bila kuchukuliwa sampuli ya vinasaba, yaani DNA. Nilikuwa mbele kabisa, nimemshika mama mkono. Tulikupigia makofi.

Miezi mitano baadaye mifupa ilipatikana. Tulikwenda mara mbili, mara zote mbili tukaambiwa tunayemtafuta ni mwanamume na hii ni ya kike. Halmashauri ikazika. Nakala ya ripoti niliipata baada ya miezi minane ya kwenda na kurudi. Ni ukurasa mmoja. Kumeandikwa: kichwa cha mfupa wa paja, milimita 42. Jinsi: KE. Mistari miwili chini yake: mkono wa kushoto, mfupa uliowahi kuvunjika na kupona ukiwa umepinda.

Mheshimiwa, Kulwa alianguka kwenye jabali tukiwa na miaka kumi na miwili. Mkono wa kushoto. Aliungwa na mzee wa kijijini, ukapona umepinda, na mpaka anapotea hakuweza kukigeuza kiganja chake juu sawasawa.

Tangu hapo nimesoma na nimeuliza kila anayejua. Kile kichwa cha duara kinachoingia kwenye nyonga hupimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kwa sababu kwa kawaida cha mwanamume ni kikubwa. Kikomo kinachotajwa sana vitabuni ni hiki: chini ya milimita 42.5 ni mwanamke, juu ya 47.5 ni mwanamume, katikati ni mashaka. Lakini kikomo hicho kilitokana na mifupa ya watu wa Marekani. Ukubwa wa mifupa hutofautiana kati ya watu na watu, ndiyo maana Afrika Kusini wamepima mifupa ya watu wao wenyewe, iliyohifadhiwa Johannesburg na Pretoria, wakapata vikomo vyao. Sisi tunawapima wavuvi wetu kwa vikomo vya nani? Kulwa alikuwa mtu mdogo. Viatu namba 39. Mashati yangu yalimtosha.

Tena fupa la paja silo la kwanza kuulizwa. Wataalamu huanza na nyonga, kwa kuwa nyonga ya mwanamke imeumbwa kwa kuzaa: pembe ya chini ya mfupa wa kinena ni pana, na lile pengo la nyuma linakopita neva kubwa ya mguu limepanuka. Mwaka 1969 mtaalamu aitwaye Phenice alieleza alama tatu za mfupa wa kinena, na katika mifupa aliyoichunguza alipatia zaidi ya mara 95 kwa 100. Nyonga ilikuwepo kwenye mifupa ile. Imo kwenye orodha ya ripoti! Mbele yake hakuna neno hata moja. Nadhani friji zilikuwa zimejaa. Nadhani pia aliyepima hakufundishwa zaidi ya hapo, na simlaumu yeye peke yake. Lakini kipimo kinachotoa makadirio kiliandikwa kama hukumu, na hukumu hiyo ikafunga geti.

Sisemi ni yeye. Nasema hakuna anayejua kwamba si yeye.

Watu wa ziwa hili tumezika sana bila majina. Baada ya meli ya MV Bukoba kuzama, Mei 1996, wengi walilazwa pamoja Igoma. Baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka, Septemba 2018, ambao hawakutambuliwa walizikwa Ukara. Zile zilikuwa siku za maiti mamia, kila mtu alielewa. Mwaka huu ni mifupa ya mtu mmoja, na sheria ya vinasaba vya binadamu tunayo tangu 2009. Kipande cha mfupa au jino moja lingetosha kuwekwa akiba kabla ya kuzika.

Mama hajaanua tanga. Usiku mlango wa mbele haufungwi komeo, tukiufunga anaamka kuufungua.

Naomba mifupa ya Jumanne isizikwe mpaka sampuli ichukuliwe na zile familia mbili zipimwe, hata kama fomu inasema KE. Naomba kaburi la Kulwa, au la huyo mwanamke kama kweli ni mwanamke, lifunguliwe kwa amri ya mahakama na mfupa upimwe. Ni lile ulilosema juu ya kreti, sina jingine. Mama ana miaka 71 na mate yake yanatosha kwa kipimo. Tupangieni siku, nitamleta mwenyewe.

Doto
Igombe, Mwanza