Msimfanye Mchungaji wetu malaika

Wanangu wa kamati ya kitabu cha kumbukumbu ya Mchungaji wetu,

Neema na iwe kwenu. Rasimu mliyoniletea nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mmejitahidi, na picha mmezichagua vizuri. Ila ukurasa wa tatu mmeandika kwamba Mchungaji “hakuwahi kumkwaza mtu.” Mimi alinikwaza. Nami nilimkwaza. Tulikaa miezi hatusemezani, mimi nikiwa shemasi wake, tukipokezana sinia la mkate kwenye Meza ya Bwana huku kila mmoja akitazama pembeni. Jioni moja akanijia nyumbani. Nilimvutia kiti, hakuketi. Akasema, “Nilikuhukumu kabla sijakusikiliza. Nisamehe.” Jumapili iliyofuata akayarudia maneno hayo mimbarani, kwa kuwa mimbarani ndiko alikonisemea. Mahubiri yake mengi nimeyasahau, na ninyi mmeyasahau, tusidanganyane. Ile jioni sijaisahau. Mkiuacha ukurasa wa tatu ulivyo, mmeifuta.

Biblia haikumficha Daudi wala Petro, nasi tunawapenda wote wawili.

Nasumbuka hivi kwa sababu sisi Wabaptisti hatuna askofu. Kila kanisa la mahali hujitawala. Humwita mchungaji wake lenyewe, tena kwa kura za washirika. Ndiyo njia waliyoishika John Smyth, Thomas Helwys na wenzao tangu walipoanza pale Amsterdam mwaka 1609. Basi msitegemee kwamba kuna ofisi huko juu yenye faili la maisha ya Mchungaji wetu. Ameandikwa kwenye daftari zetu za mihtasari, na kwenye vichwa vya watu ambao nao umri umewatupa mkono. Msipoandika ninyi, hakuna mwingine.

Daftari hizo ninazo. Nilikuwa karani wa kanisa, na mkutano mmoja hasa naomba msiupite. Yeye alitaka tupanue jengo. Washirika wakataka tulipe deni kwanza. Tukapiga kura, nikazihesabu mwenyewe, akashindwa. Nilimwona akiikunja ile karatasi ya hoja zake, akaikunja tena, hadi ikawa ndogo kama kipande cha sabuni, akaitia mfukoni. Kisha akasimama, akamshukuru Mungu kwa uamuzi wa kanisa, na kwenye orodha ya ahadi za kulipa deni jina la kwanza ni lake. Nendeni mkaliangalie, mwandiko ni wake. Kuhubiri vizuri wanaweza wengi. Kushindwa kura na watu uliowazamisha majini kwa mikono yako, ukaendelea kuwalisha bila kinyongo, hilo nimeliona kwa wachache.

Mmeweka pia jedwali la idadi ya aliowabatiza. Liacheni, halidhuru. Lakini jedwali halitasema kwamba kila mara aliingia majini wa kwanza ili aonje baridi, kwamba alikuwa na kitambaa cheupe cha kumzibia mtu pua, na kwamba kabla ya kumlaza alimnong'oneza, “Nimekushika.” Mimi nimeyajua kwa sababu niliambiwa hivyo nikiwa nimefumba macho kwa hofu, mtu mzima na ndevu zangu. Waulizeni na wengine walinong'onezwa nini.

Someni Matendo sura ya 9. Dorkasi alipokufa kule Yafa na Petro akaitwa, wajane hawakumsomea wasifu. Walisimama wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea. Basi zungukeni kwa watu mkaombe hizo kanzu. Yupo aliyekuwa kifungoni, Mchungaji akamwandikia barua. Yupo aliyekaa naye hospitali usiku kucha bila kuhubiriwa hata neno moja. Hao hawatajileta kwenye kamati, wafuateni. Na wale watakaowasimulia muujiza mkubwa mno, wasikilizeni kwa adabu, kisha muulize mtu wa pili.

Sasa Mama Mchungaji. Kwenye rasimu ametajwa mara moja, pamoja na “familia”. Mnamjua William Carey, fundi viatu aliyekuja kuwa mchungaji, akasafiri kwenda India mwaka 1793. Tunasimulia lugha alizotafsiria Biblia. Ni wachache wanaosimulia habari za mkewe, Dorothy, ambaye mwanzo hakutaka kwenda. Mwaka 1794 akamzika mtoto wake Peter, wa miaka 5, akili yake ikavurugika, na hakupona mpaka alipofariki mwaka 1807. Simtaji kwa kumlinganisha na Mama yetu. Namtaja kwa kuwa utumishi wa mchungaji hulipiwa pia na watu wasiosimama mimbarani, na wakati mwingine hawakuulizwa kama wako tayari. Mara ngapi tuligonga mlango wao saa za chakula?

Kuhusu jalada: ile picha kubwa yenye miale nyuma ya kichwa, iondoeni. Carey huyo huyo aliagiza kaburini kwake waandike jina, tarehe na mistari miwili ya wimbo inayomwita mdudu maskini asiye na msaada, basi. Mchungaji wetu angeiona miale ile angecheka hadi akohoe, halafu angeuliza imegharimu kiasi gani.

Daftari njooni mchukue siku yoyote jioni, na mje na mtu mwenye macho mazuri, wino umefifia. Lakini kabla ya kwangu piteni kwa Mama. Siku ya kwanza msiende na kalamu. Siku ya pili mwulizeni angependa kiandikwe nini, na kipi kibaki cha kwake.

Mzee wenu,
shemasi mstaafu