Anza na ratiba ya zamu

Mtwara, Jumapili usiku

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Simu ya juzi ilikatika kabla sijakujibu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Uliniuliza, ukipangiwa usharika wa mji wa viwanda, wenye watu wa kila kabila, uanze na mahubiri gani.

Anza na ratiba ya zamu.

Sikutanii. Tuliletwa huku mwaka 2016, wewe uko darasa la sita, kiwanda cha Dangote kina kama mwaka tu tangu kianze kutoa saruji. Nilitoka Machame na mahubiri yangu ya saa nzima. Jumapili ya tatu kijana mmoja wa benchi la nyuma akawa anasinzia, kichwa kinagonga ukuta. Nikamsimamisha mbele ya watu, nikamwambia nyumba ya Mungu si gesti. Watu wakacheka. Akaomba radhi, akatoka. Wakati wa mnada wa sadaka, nimeshika jogoo mkononi, mzee wa kanisa akaninong'oneza: yule katoka zamu ya usiku, hajapita hata nyumbani kwake. Kumbe vumbi la kijivu kwenye kope zake nililiona, nikadhani ni uchafu wa uzembe.

Nilimtafuta wiki nzima. Alinipa kiti, yeye akakalia ndoo, tukaongea vizuri tu. Lakini kanisani hakurudi mpaka Pasaka. Bado inaniuma.

Siku hizi nina daftari: nani yuko zamu ipi, nani yuko Madimba kwenye gesi, nani hapatikani bandarini msimu wa korosho. Ibada ya jioni ilizaliwa humo, na mahubiri ni dakika ishirini. (Mama yako anasema ni thelathini.)

Halafu ujue huku sisi Wakristo ni wachache, tena wengi wa kuja: Wachaga, Wabena, Wanyakyusa. Mzee wetu mmoja wa Njombe, aliyeusia azikwe huku huku, alifariki mwezi wa Ramadhani. Waliochimba kaburi ni vijana wa msikiti wa mtaani kwetu, wamefunga, jua la saa saba. Mama yako alisimama na ndoo ya maji na kikombe, hana wa kumpa. Nilipomaliza "mavumbi kwa mavumbi", jirani yetu muuza samaki akavuta koleo, akaanza kufukia, wenzake wakampokea. Chuoni hawakunifundisha cha kusema pale. Nilisema asante. Jioni tukawapelekea mihogo ya nazi wakafuturu.

Ukija likizo, basi linaishia stendi ya Mkanaledi siku hizi. Mama yako anaomba ndizi mshare, za mtori. Yule kijana ameoa, ana bajaji yake ya pembeni. Anasema atakuja kukupokea, kama hatakuwa zamu ya usiku.

Baba yako