YAH: Malalamiko kuhusu picha na sauti ya vipindi ninavyopakua

Soweto, Moshi
14 Juni 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ni mwezi wa tatu sasa nalipia kifurushi chenu cha juu, shilingi 18,000 badala ya 9,000, kwa sababu tangazo lilisema vipindi vya kupakua vitakuwa na "picha bora kabisa na sauti ya stirio". Napakua usiku bando likiwa nafuu, tunaangalia kesho yake jioni mimi na mama.

Mama ana mtoto wa jicho. Tamthilia yeye anaifuata kwa masikio, na ndiye aliyegundua tatizo kabla yangu. Aliniuliza, "Mwanangu, hawa watu siku hizi wanaongelea ndani ya pipa?" Nilidhani ni sabufa yetu imechoka. Nikabadilisha waya, nikajaribu simu ya jirani, nikavaa hedifoni. Pipa liko palepale. Kila penye "s" au "sh" unasikia maji yanayotokota.

Nilipowapigia, mhudumu wenu alisema tatizo ni mtandao wa Moshi. Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Faili limeshashuka lote, naliangalia data ikiwa imezimwa. Mtandao ukiwa mbovu faili litachelewa kufika, au litakatika njiani nianze upya. Hauwezi kulifikia likiwa ndani ya kompyuta yangu ukalipunguzia sauti.

Basi nikapakua sehemu moja ya tamthilia, ya dakika 48, mara mbili kutoka tovuti yenu: ya "kawaida" na ya "bora kabisa". Ya kawaida ina megabaiti 290, picha ya 854 kwa 480. Ya bora ina megabaiti 1,300, picha ya 1920 kwa 1080, yaani pikseli (vile vidoti vinavyounda picha) mara tano. Nikayafungua kwa MediaInfo, programu inayoonyesha faili limetengenezwaje. Sauti ya mafaili yote mawili ni ileile: mono, yaani mkondo mmoja badala ya miwili ya stirio, kilobiti 64 kwa sekunde. Stirio mliyoitangaza haimo hata kwenye lile ninalolilipia mara mbili.

Msiniambie mnabana ukubwa wa faili. Kwa dakika 48, kilobiti 64 ni kama megabaiti 23. Mngeiongeza sauti hadi kilobiti 128, faili la megabaiti 1,300 lingekuwa 1,323. Kwenye bando langu hizo 23 hata sizioni.

Picha nayo ina maneno yake. Kuna mahali kwenye tamthilia mama mkwe anasimama mlangoni amejitanda kanga. Chaneli yenu ilipoirusha kwenye king'amuzi, jina la kanga lilisomeka vizuri kabisa. Nimesimamisha mafaili yote mawili hapohapo: kwenye la kawaida maandishi ni ukungu, kwenye la bora ni ukungu uleule, ila mkubwa zaidi. Kwa macho yangu, hiyo ni picha ya 480 iliyovutwa mpaka ikafika 1080. Kuvuta picha hakurudishi kilichokwisha kupotea, kunakula bando tu. Picha halisi mnayo, maana king'amuzi kiliionyesha.

Na faili la bora lina kasoro ambayo lile la bei rahisi halina: sauti inachelewa. Mlango unafungwa, halafu ndiyo unausikia ukifungwa. Mimi ninayeona nakereka. Mama anasikia vizuri tu, ila mimi nikichekea ninachokiona, yeye bado hajafikiwa na sauti yake.

Naomba faili la bora litengenezwe upya kutoka picha halisi, sauti iwe stirio na iende sambamba na midomo. Pembeni ya kitufe cha kupakua andikeni pia aina ya sauti, siyo ukubwa wa picha peke yake. Nirudishieni tofauti ya miezi mitatu, shilingi 27,000. Nisipopata majibu ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Nimeambatanisha risiti, picha mbili za ile kanga na taarifa za mafaili yote mawili. Kwa sasa tumerudi kwenye la kawaida, la megabaiti 290. La bora naendelea kulilipia.

Mteja wenu,
Soweto, Moshi