Redio ya Mama wa Mgongo Wazi: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Bodi ya Hakimiliki

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Hakimiliki ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Kisumu. Nakuandikia kuhusu kazi za wasanii wengine zinazojitokeza kwa bahati ndani ya picha na video zetu. Mimi ni mpiga picha. Harusi na matanga ndizo hunilipia kodi ya nyumba. Picha zangu nyingine, za soko, ziwa na mapishi, huziweka mtandaoni kwa leseni ya Creative Commons: mwalimu wa Busia au mchapishaji wa Mombasa anaweza kuzitumia, hata kwa biashara, bila kunilipa, mradi anitaje jina.

Mwaka jana nilimrekodi mama mmoja pale Obunga akikaanga mgongo wazi. Kwa asiyeijua Kisumu, hayo ni mafupa ya mbuta yanayobaki baada ya viwanda kutoa minofu. Huletwa mtaani na kukaangwa mpaka yawe mekundu. Mama alikuwa akieleza jinsi anavyojua mafuta yamepata moto: anadondosha tone la maji, kisha anasikiliza. Nyuma yake redio ilikuwa inaimba. Zikaingia kama sekunde kumi na moja za benga. Siku mbili baadaye, mtandao nilikoiweka video ukazima sauti yote. Mwanamuziki hakulalamika, mashine tu iliutambua wimbo. Nilipomwonyesha mama, alicheka, halafu akaniuliza mbona anafungua na kufunga mdomo kama samaki.

Najua mtandao ule si wako. Lakini nilipotaka kukata rufaa niliulizwa ni sheria gani ya nchi yangu inayonilinda, nami nikaenda kuisoma. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema mwenye kazi ya sanaa hawezi kuzuia kazi yake kujitokeza kwa bahati ndani ya filamu au matangazo ya redio na televisheni. Vizuri. Ila katika sheria hiyo wimbo si kazi ya sanaa. Muziki una fungu lake. Na picha mnato si filamu wala matangazo.

Njoo soko la Kibuye Jumapili uone shida ilivyo. Nampiga picha muuza omena akijaza gorogoro. Kiunoni ana leso ambayo maua yake yalichorwa na mtu. Ukuta wa nyuma una tangazo la soda, na matatu inapita na uso wa mwanasoka ubavuni. Kazi za watu watatu, na mimi nilikuwa nautafuta mkono wake tu, vile anavyorundika omena mpaka zinamwagika mdomoni mwa kopo. Ukuta huenda umepona, kwa kuwa sheria inaruhusu kunakili kazi ya sanaa iliyo mahali ambapo umma unaweza kuiona. Lakini matatu iko mahali gani, Mheshimiwa? Saa hii iko Kondele, baada ya saa moja iko Ahero. Na leso jioni inarudi nyumbani na mwenyewe.

Waingereza, ambao tuliwaiga sheria nyingi, walilinyoosha jambo hili mwaka 1988. Kifungu cha 31 cha sheria yao kinaruhusu kazi ya mtu kujitokeza kwa bahati ndani ya kazi za sanaa, picha zikiwemo, pamoja na filamu, rekodi za sauti na matangazo. Na kinaongeza kwamba muziki uliotiwa makusudi hauhesabiwi kuwa wa bahati. Ufaransa nako, mwaka 2005, mahakama yao kuu ya rufaa iliwakatalia wasanii waliobuni upya uwanja wa Place des Terreaux mjini Lyon. Walitaka kuwabana wauzaji wa postikadi, wakaambiwa kazi yao ilikuwa sehemu tu ya mandhari.

Wasanii wasidhani natafuta mlango wa nyuma. Leseni yangu inaishia palipo changu. Mtu akiikata picha yangu, akabakiza ule uso wa mwanasoka na kuuchapa kwenye fulana, bahati imekwisha hapo, na ruhusa hakupata kwangu kwa sababu sikuwa nayo.

Ninachokuomba ni mwongozo wa kurasa mbili hivi, kwa Kiswahili na Kiingereza, unaoeleza Bodi inavyoyasoma maneno hayo ya sheria, wenye mifano ya matatu, leso na redio. Mimi hutumia kidole gumba: nafunika kile kitu, na picha ikibaki ile ile, basi kilikuwa kinapita njia. Nyinyi mna wanasheria, mtapata kipimo bora. Na sheria itakaporudi Bungeni, iongezewe picha mnato na sauti zinazosikika zenyewe pale mtu anaporekodi.

Kuna walionishauri niwe nawaambia watu wazime redio kabla sijarekodi. Nilijaribu mara moja, pale pale Obunga. Wateja wawili waliingia, wakasimama mlangoni, wakauliza ni nani amefariki.

Wako,
Mpiga picha, Kisumu